Upepo wa Nyota na Baba Mkwe Wake

Usiku wa jana niliota, wajukuu zangu, nimekaa kwenye kigoda juu ya nyota. Haikuniunguza. Iliniuliza tu kama nimekula, maana ni nyota yenye heshima zake.

"Nimekula ndizi," nikasema.

"Basi jishikilie. Namtoa binti yangu aende kwa mumewe."

Binti yake ni Upepo. Kumbe nyota nazo zinapuliza upepo. Mimi sikujua, kigoda ndicho kilichonieleza. Upepo akatoka mbio na kitenge kipya, akatubeba humo humo.

Mara siyo angani tena, ni njia ya migombani kule kwetu Rungwe. Katikati kasimama Gesi, mzee mwembamba, wa baridi, mwenye vumbi, kaziba njia yote.

Upepo anaganda. "Mama yangu. Baba mkwe."

Na kwetu mnajua, mkamwana hakutani na baba mkwe. Akimwona anajificha migombani. Lakini migomba imeshaondoka, hata sijui saa ngapi. Na nyuma wadogo zake Upepo wanazidi kuja.

"Jamani, msinisukume."

"Dada, sisi hatuna breki."

Anabanwa. Anapata moto. Kitenge kinafuka moshi. Atakufa mtoto wa watu.

"Mzee mwenzangu, sogea," namwambia Gesi.

"Nisogee vipi, nimefumba macho? Nikifumbua nitamwona."

"Mpe mgongo, ndiyo ufumbue. Mimi mkamwana wangu Tusekile ananipikia chai miaka yote, na pua yake siijui. Tazama." Nikashuka, nikampa Upepo mgongo, nikaanza kutembea. "Unatangulia, yeye anafuata. Hamkutani mpaka kiama."

Gesi akafikiri weee. Akageuka, akafumbua macho, akaenda. Upepo akashusha pumzi, akafuata, na wadogo zake nyuma. Mara tuko angani tena, wanakwenda hivyo pande zote za nyota, Gesi mbele, Upepo nyuma, duara linatanuka taratibu, linang'aa ukingoni.

"Ndaga, baba," sauti ikashukuru mgongoni kwangu. Sikugeuka.

Nikaamka. Kumekucha, mvua, baridi ile ya kwetu. Bibi yenu akanitazama kwa nyuma.

"We baba Ambokile, ulilala jikoni?"

Nikavua shati. Kifuani jeupe. Mgongoni limeiva kahawia, kama limesahauliwa chini ya pasi ya makaa.

Nikalivaa tena. Lilikuwa bado lina joto.