Njaa ya Zimwi

Saa nne, chai ilipoletwa, Msoma Prufu alisogeza karatasi zake ili Zimwi apate pa kuweka kikombe. Zimwi alikuwa ametoka tangu Jumatatu kwenye ukurasa wa arobaini na moja wa kitabu kilichokuwa mezani, na mhudumu wa chai alishazoea kummiminia bila sukari. Kiti kililalamika kidogo alipokaa, basi.

Kitabu kilikuwa hadithi ya watoto. Kazi ya Msoma Prufu ilikuwa kusahihisha herufi na nukta kwa kalamu nyekundu. Mengine hayakumhusu ndewe wala sikio. Katika ukurasa ule Zimwi, aliyezaliwa na njaa ya kula watoto, alimkuta binti mdogo amepotea msituni. Sentensi iliyofuata ilikuwa neno moja tu: Akamla.

"Njaa ninayo, dada, sikatai," alisema Zimwi. "Inanikata hapa, inanikata na hapa. Lakini hakuna aliyeniuliza kama nitakula."

Msoma Prufu alikuwa na mume aliyeondoka miaka minne iliyopita. Kila Ijumaa jioni mume alipiga simu kusema yaleyale: mguu wake hautulii, ndivyo alivyoumbwa, kwao wote ni watu wa kuondoka. Msoma Prufu alimkumbuka mno. Shati lake moja bado lilining'inia nyuma ya mlango wa chumbani, na alilifua kila wiki ingawa hakuna aliyelivaa.

Akapiga mstari mwekundu juu ya neno lile, Akamla, akaacha nafasi tupu.

Kesho yake asubuhi nafasi ilikuwa imejaa maneno mapya. Zimwi alikuwa amembeba binti mpaka mlangoni kwa mama yake, mwendo wa siku mbili, tumbo likinguruma njia nzima. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Zimwi huyu hakumjua mtoto kabisa, na hakuonja hata ukucha.

Bosi alisoma, akavua miwani. "Mama, zimwi ni zimwi. Asipokula, nani atanunua? Rudisha neno letu."

Msoma Prufu akalirudisha. Alikuwa na mtoto wa kulea, na kazi haziokotwi barabarani. Kitabu kikatoka nakala elfu tatu, na katika zote binti aliliwa. Zimwi mwenyewe alikataa kurudi ndani ya kitabu. Alimfuata Msoma Prufu nyumbani, akiinama kila mlango, akauliza vyombo vichafu viko wapi.

Ijumaa jioni binti wa Msoma Prufu, mwenye miaka mitano, alisinzia begani kwa Zimwi. Mkono wake mnene uliangukia karibu kabisa na mdomo wa Zimwi. Zimwi alimeza mate, akageuza uso dirishani, akaendelea kuosha sahani kwa mkono mmoja. Simu ikalia.

"Mke wangu, nisamehe," alisema mume. "Na mwezi huu sitafika. Si unanijua? Ndivyo nilivyoumbwa."

Msoma Prufu alitazama jikoni. Tumbo la Zimwi lilinguruma hata vikombe vikagongana rafuni, na mtoto hakuamka. Jibu la kumpa mume wake alikuwa nalo, limesimama pale kwenye karai na povu mpaka kwenye kiwiko. Lakini sauti ile alikuwa ameingoja wiki nzima.

"Najua," alisema. "Shati lako nimelifua leo."