Kigoda cha Nyuma ya Shuka

Filamu ya kwanza ambayo Ma Ephrasia aliitolea hukumu ilikuwa ya kupogoa kahawa, na hukumu yenyewe aliitoa kesho yake asubuhi, akimenya ndizi jikoni.

"Ina uongo," alisema.

"Uongo gani, Mama?" aliuliza binti yake Theopista. "Aliyekuwa anaonyesha ni bwana shamba kabisa."

"Sina ugomvi na bwana shamba. Namsema yule mama aliyeshika mkasi. Ana kucha ndefu kama za kwale. Mwenye mibuni hana kucha zile. Ila alivyomkung'utia mgeni mkeka kabla hajakaa, hapo nilimpenda. Hapo hakuigiza."

Theopista alikuwa mke wa Datius, na Datius ndiye aliyeendesha mashine katika gari la sinema. Kila mwezi Landrova ya serikali ilitoka Bukoba mjini, Lukmani akiwa kwenye usukani, ikapita Muleba na kupanda mpaka kijijini kwao, kijiji kilichoandikishwa juzijuzi kuwa cha ujamaa. Theopista alidandia gari hilo kutoka kwake Buhembe, hapo hapo Bukoba, ili aje kumwona mama yake. Safari za karibuni alikuja mjamzito, tumbo likitangulia mlangoni.

Sasa, mkwe ni mkwe. Kwa Wahaya wa rika la Ma Ephrasia, mama mkwe na mume wa binti yake hawakutazamana usoni. Wakikutana njiani, mmoja aliingia migombani mpaka mwenzake apite, na salamu zao zilibebwa na Theopista kama mtu anayebeba maji, asimwage. Kwa hiyo sinema ilipofika mara ya kwanza, Datius kasimama kwenye mashine katikati ya uwanja wa shule, kijiji kizima kimekaa mbele ya shuka jeupe, Ma Ephrasia hakuwa na mahali pa kukaa. Alizunguka uwanja, akaenda nyuma ya shuka. Akakuta picha zinaonekana na huko pia. Akakuta na kigoda. Alidhani mlinzi wa shule amekisahau, akamwombea heri, akakaa.

Toka siku hiyo nyuma ya shuka pakawa pake, na kila asubuhi iliyofuata jikoni pakawa mahakama.

Ya Kihindi, ile ya kijana na msichana wanaoimba mlimani mvua ikinyesha: "Nyimbo nzuri, mavazi mazuri, lakini mama wa kijana analia tangu mwanzo mpaka mwisho na hakuna hata mmoja aliyemletea kiti. Watoto wa namna hiyo wakioana, wataoana, lakini mimi harusini siendi."

Ya Wazungu wenye farasi na bastola: "Wanaume tele na hakuna anayelima. Wanakula nini? Lakini yule mwembamba mwenye kofia mbovu alimnywesha farasi kwanza, ndipo akanywa yeye. Huyo ningempa binti."

Ya kuchemsha maji: "Fupi, ya kweli. Irudiwe."

Ya mabondia wawili: "Nilifumba macho. Nilipofumbua, aliyeshinda alikuwa anamfuta mwenzake damu. Basi wangeanzia hapo."

Theopista aliyapeleka yote hayo kwa mumewe. "Anacheka mpaka anakaa chini," alimwambia mama yake. "Halafu ananyamaza, anafikiri."

"Anafikiri nini?"

"Hasemi."

"Mume asiyesema kila kitu ni mapumziko," alisema Ma Ephrasia, akaendelea kumenya.

Ndipo ikaja safari ambayo Theopista alishuka garini bila kicheko. Aliingia jikoni, akakaa chini kabla hata ya kusalimia vizuri.

"Mama, wanataka kutuhamishia Tunduru."

Ma Ephrasia aliweka kisu chini. Tunduru hakuijua, ila alijua iko upande ule wa nchi ambako mtu akienda, barua yake inachoka njiani.

"Amekosa nini?"

"Hajakosa. Mkubwa wake, Ndugu Mutembei, anataka kujua wananchi wanazionaje hizi filamu. Kila akiulizwa, Datius anasema, watu wamesema nzuri. Kahawa nzuri, bastola nzuri, choo kizuri. Mkubwa anasema hakuna watu duniani wanaopenda kila kitu. Anadhani Datius hawaulizi. Leo anakuja mwenyewe kusikiliza. Akisikia 'nzuri' ile ile, anasema huku gari linapoteza petroli, bora lipelekwe mkoa wenye watu wa kusema. Na Datius aende nalo."

"Lakini si kweli anawauliza?"

"Anawauliza, Mama. Unawajua watu wetu."

Ma Ephrasia aliwajua. Mgeni akikuletea kitu, hukichambui mbele yake. Unakipokea kwa mikono miwili, unashukuru, unamletea kahawa ya kutafuna. Na mgeni huyu alikuwa na gari la serikali. Nani angemwambia kwamba filamu yake imemchosha? Ingekuwa kama kumwambia mwenye nyumba kwamba ndizi zake hazikuiva.

"Ungewaambia wewe yale unayosema hapa," alisema Theopista taratibu.

"Mbele ya mkwe wangu? Nisimame nipayuke?" Ma Ephrasia alitikisa kichwa. Lakini macho yake yalikuwa kwenye tumbo la binti yake. Karai la kumwogeshea mtoto alikuwa ameshalisugua, liko uvunguni. Nani angemwogesha huko Tunduru? Nani angemwambia Theopista asiogope mtoto akipiga chafya?

Jioni, giza lilipoingia tu, jenereta likaanza kunguruma. Ma Ephrasia alipita kando ya migomba, akazunguka nyuma ya shuka. Kigoda kilikuwepo. Alikaa, akajifunika kanga mabegani, akasikia sauti ngeni upande wa pili, nzito kidogo, yenye Kiswahili cha ofisini.

"Ndugu wananchi, mimi naitwa Mutembei. Sikuja kuwahutubia. Nimekuja kuwasikiliza."

Wakapiga makofi. Filamu ya kwanza ilikuwa ya kijiji cha ujamaa cha mbali, watu wamejipanga na majembe, wanalima huku wanatabasamu. Ilipokwisha, taa ikawashwa.

"Haya. Mmeionaje?"

"Nzuri!" kikasema kijiji.

"Wewe, mzee wangu, nini hasa kimekupendeza?"

"Yote, waitu," ilijibu kwa heshima ya Kihaya sauti ya Ta Byabato, jirani yake Ma Ephrasia, mtu ambaye nyumbani hakuna kilichompendeza, kuanzia mvua mpaka padre. "Yote kabisa. Tunashukuru sana."

"Hakuna kasoro?"

"Itoke wapi, waitu?"

Ma Ephrasia alisikia mtu anakohoa karibu na mashine, kikohozi kikavu cha mtu asiye na mafua, akajua ni Datius. Alishika magoti yake. Aliyajua majembe yale ya kwenye filamu kuwa hayajawahi kugusa udongo, maana yaling'aa kama sahani.

Filamu ya pili ilikuwa ya zahanati. Nesi kijana, msafi, anamhudumia bibi mgonjwa. Anamfunika. Anamwinua taratibu, kama mtu anayejua maumivu ya mgongo. Ma Ephrasia akampenda palepale, akaegemea mbele. Kisha nesi akachukua kikombe cha uji, akampa bibi yule. Kwa mkono wa kushoto.

Ma Ephrasia alishtuka kama aliyechomwa na mwiba. Msichana mwema vile, ampe mzee chakula kwa kushoto! Taa ilipowashwa na Ndugu Mutembei akauliza, "Na hii?", na kijiji kikajibu, "Nzuri!", sauti ilimtoka kabla hajaiita.

"Si nzuri!"

Uwanja mzima ukageuka kulitazama shuka.

"Nani anasema?" aliuliza Ndugu Mutembei.

"Nasema mimi, mama wa huku nyuma." Shuka lilikuwa katikati, hakumwona mtu na hakuna aliyemwona, na jambo hilo likampa nguvu. "Nesi ana moyo mzuri, nimeuona. Amemfunika bibi miguu kabla ya mabega, na wazee tunaanza kupoa miguuni. Lakini amempa uji kwa mkono wa kushoto. Aliyemfundisha sindano angemfundisha na hilo. Na ile ya kwanza, wale wakulima wanacheka mno. Mtu anayelima hacheki, anahema. Wangetuonyesha wakati wa kupumzika, nani anampa nani maji, hapo tungewaamini."

Ta Byabato akaruka.

"Kushoto? Ma Ephrasia, macho yamekwisha! Kampa kwa kulia!"

"Kwa kushoto, Ta Byabato! Mimi nilikuwa karibu na kikombe kuliko wewe!"

"Kulia! Na hata hivyo uji wenyewe mwepesi, ule si wa mgonjwa!"

"Mwepesi ndiyo mzuri," alidakia mwanamke mmoja. "Kibaya ni dirisha. Mgonjwa kalazwa kwenye upepo!"

"Na majembe!" alipaza mwingine. "Majembe ya dukani yale, hata karatasi hayajatolewa!"

"Basi mimi niseme kweli," alisema Ta Byabato, na sasa hakuna ambaye angemzuia, "ile ya mabondia ilikuwa takataka! Na ya Kihindi ndefu kama kesi ya kugombea kibanja cha migomba!"

"Ya Kihindi usiiguse!" walipiga kelele wasichana.

Uwanja ukachemka. Ndugu Mutembei aliomba kipande cha uji kirudiwe. Datius akakirudisha, wa mbele wakapiga yowe, "Kulia!", na kutoka nyuma ikaja sauti moja, imara, "Kushoto!" Hapo Ndugu Mutembei akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Alitembea na viatu vyake vya mjini mpaka nyuma ya shuka, akachuchumaa kando ya Ma Ephrasia, akaagiza kirudiwe tena.

Akatazama. Akaanza kucheka, kwanza puani, kisha kwa mabega yote.

"Ni kushoto!" alipaza sauti. "Ndugu zangu, huku ni kushoto! Shuka linageuza. Mama amesema alichokiona."

"Kumbe farasi nao walikuwa wanakwenda upande mwingine?" aliuliza Ma Ephrasia, akiwa ameduwaa.

"Wote, mama. Lakini kwa nini unakaa huku? Mbele kuna nafasi."

"Mwenye mashine ameoa kwangu, waitu."

Ndugu Mutembei naye alikuwa mtoto wa Kihaya. Hakuuliza zaidi. Alitazama kigoda, akatazama nguzo mbili zilizoshikilia shuka. "Ajabu," alisema. "Kwingine shuka hutundikwa ukutani."

"Ndivyo tunavyofanya kila mahali, mzee," alisema Lukmani dereva, aliyekuwa amewafuata kwa udadisi. "Hapa tu ndipo Datius ananichimbisha mashimo, na ukuta wa darasa ule pale. Mikono inaota malengelenge. Namuuliza sababu, ananiambia chimba. Kigoda nacho kinatoka mjini, kinasafiri juu ya jenereta. Mtu asikiguse!"

Ma Ephrasia aliweka kiganja chake kwenye ukingo wa kigoda, akaupapasa, miezi yote ile aliyomwombea heri mlinzi wa shule ikimpitia kichwani. Mti ulikuwa umesuguliwa laini ili usimkwaruze nguo.

Ndugu Mutembei alirudi mbele. "Nilikuja kusikia watu," alisema, "na sasa masikio yananiwasha. Gari litabaki huku. Ya mabondia naiondoa, ya Kihindi siigusi, naogopa. Datius, mwezi ujao uwaulize tena. Na uwaulize wa pande zote mbili."

Makofi yalilia. Yalipopungua, Ma Ephrasia alisimama, akalielekea shuka. Hakuzungumza na mkwe wake. Alizungumza na Theopista, kwa sauti ya kutosha uwanja mzima.

"Theopista! Nimekosea jambo moja. Yule mwembamba mwenye kofia mbovu, niliyesema ningempa binti..."

"Ndiyo, Mama?"

"Nimeghairi. Niliyempa anatosha."

Wanawake wakapiga vigelegele, Lukmani akampiga Datius begani, na kikohozi kile cha karibu na mashine kikasikika tena, mara hii kikiwa kimelowa machozi.

Mwezi uliofuata Theopista hakupanda gari. Alikuwa ametangulia kuja kwa mama yake, amelala ndani na mtoto wa kike aliyeogeshwa vizuri kwenye karai. Ma Ephrasia alichelewa kutoka kwa sababu hiyo, na alipofika nyuma ya shuka akakuta pamejaa. Nusu ya kijiji ilikuwa huko, Ta Byabato mstari wa mbele, wamekuja kuona dunia inavyokwenda kwa kushoto. Walikaa kwenye majani, kwenye matofali, wengine wamesimama wamebanana.

Kigoda kilikuwa katikati yao, kitupu, na hakuna aliyekikalia.