Uzi wa Mteja Mpya

Mimi ni dobi, na silisemi hilo kwa unyonge. Shati likipita mikononi mwangu linarudi jeupe kuliko siku lilipotoka dukani. Wapo wanaosema mashine zitatumaliza. Waje na mashine yao, tuwekewe doa moja la grisi katikati, tuone nani ataondoka ameinamisha kichwa.

Ndiyo maana nilikasirika daktari aliponiambia nikaoge.

Aliyenipeleka kwake ni dada yangu, ambaye kazi hii tunaifanya pamoja. Tuna ua wa saruji, mapipa, kamba zilizovutwa kutoka ukuta hadi ukuta, chumba cha kupigia pasi, na nyuma yake chumba ninacholala mimi. Alinipeleka kwa sababu ya maji ya moto. Nilikuwa nageuza shuka za watu ndani ya pipa tulilotoka kuliepua, mti wa kugeuzia ukaniponyoka, nikazamisha mkono kuufuata, kisha nikauacha humo humo. Si kwamba sikusikia moto. Niliusikia, ila kama unavyosikia mtu akigonga mlango wa jirani. Dada ndiye aliyenivuta. Hakupiga kelele. Alinimwagia maji baridi, akanifunga kitambaa safi, halafu akakaa chini kwenye saruji iliyolowa, na gauni lake zuri.

Daktari alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya chini. Nilimwambia silali, chakula hakipiti, na siwezi kukaa kitako hata nikifungwa kamba. Akasema ugonjwa huo una jina lake, unaitwa sonona, tena unatibika. Akanipa vidonge. Kisha akasema vidonge vinataka msaada: nioge kila asubuhi, nile kitu kabla ya kushika kazi hata kama mdomo unakataa, nibadili shuka, nitembee juani bila kubeba chochote. Na nirudi Alhamisi ya wiki inayofuata.

"Mtu kasoma mpaka macho yamemchoka," nikamwambia dada njiani, "halafu anamwambia dobi abadili shuka."

"Umebadili?"

"Kutwa nzima nafua shuka."

"Za watu. Mimi nauliza zako."

Nikaongeza mwendo ili nisimjibu.

"Alhamisi utarudi," akasema nyuma yangu, akihema.

"Sirudi. Kuoga nilifundishwa na mama."

Hakucheka. Alinishika mkono ule mzima, akanisimamisha katikati ya njia, watu wakatupita huku na huku. "Ule mkono uliuacha majini," akasema. "Mimi nilikuwa uani kwa bahati tu, nimefuata kibanio. Siku nyingine nitakuwa sokoni. Umenielewa? Alhamisi utarudi kwa yule mama."

Nilimwelewa. Lakini kuelewa ni kitu kimoja na kwenda ni kingine, na mimi kwenda nilishakataa.

Watu wakisikia mtu ana ugonjwa wa huzuni wanamwona amelala chali anahesabu mabati. Labda wengine wako hivyo. Wangu haukulala, wala haukuniacha nilale. Nilikuwa kama nina mpangaji ndani ya kifua, anatembea huku na huko na viatu vyake. Nasuuza, naacha. Naenda kwenye kamba, nagusa nguo ambayo najua haijakauka, narudi. Nakamua, naacha, naenda mlangoni kutazama barabara. Barabarani hakuna kitu. Narudi. Chumba changu kilikuwa kinanibana hadi nikakihama. Nikawa najinyoosha juu ya meza ya pasi, na ovaroli ile ile ya kazi. Nguo zangu, shuka, foronya, vyote nilikuwa nimevirundika nyuma ya mlango, nikaufunga, nikaachana navyo.

"Kijana, unatembea kama mtu anayetafuta choo kwenye nyumba ya ugenini," aliniambia mzee wetu wa pasi. Tunamwita Mvuke, kwa sababu ya pasi yake na kwa sababu ya maneno yake, ambayo hupanda tu hayaishi.

"Natafuta kazi, mzee."

"Kazi imekuzunguka pande zote. Labda yenyewe ndiyo inakutafuta wewe."

Sasa niwaeleze jambo moja kuhusu kazi yetu. Nguo za watu wengi zikilowekwa pamoja, shati jeupe na shati jeupe ni mapacha. Kwa hiyo kila mteja ana uzi wake. Mwenye duka la vioo ana uzi wa kijani. Wale mabwana wawili wa ofisi ya ramani, mmoja njano, mmoja buluu. Dada ndiye anayeshona alama hizo, mshono mmoja tu wa sindano ndani ya kola au kwenye pindo la shuka, na akishashona, mimi sitazami tena nguo ni ya rangi gani wala ya mtindo gani. Natazama uzi na natazama uchafu. Dobi anayeanza kupenda mashati ya watu hawezi kumaliza kazi.

Jumatatu nikakuta furushi geni mezani. Uzi mwekundu uliosokotwa na mweusi.

"Nani huyu?"

"Mteja mpya," dada akasema, akiwa amenipa mgongo.

"Anaitwaje?"

"Unafua majina siku hizi?"

Nikalifungua. Harufu ikanipanda puani, nikarudi hatua moja. Shuka mbili, foronya, mashati mawili meupe, suruali, taulo lililokuwa limekauka likiwa limekunjamana, gumu kama ngozi.

"Huyu mtu hana haya," nikasema. "Tazama kola hii. Hii siyo kola, hii ni barabara. Mtu mzima na akili zake anaiachaje nguo ifike hapa?"

Kutoka chumba cha pasi Mvuke akakohoa. Akakohoa tena, kikohozi kirefu kisichokuwa na makohozi.

Nililoweka, mkono ulioungua nikiwa nimeuvika mfuko wa plastiki juu ya kitambaa, na wakati wa kufikicha ndipo nilipoanza kumsoma yule mteja. Nguo inasema. Mtu akilala usingizi wa kawaida, shuka huchakaa katikati, pole pole, mahali mwili unapotulia. Shuka hizi zilikuwa zimesokotwa kwenye pembe, zimevutwa, mahali pamoja zimechanika kwenye pindo kama mtu aling'ang'ania kitu. Foronya ilikuwa na duara la jasho juu ya duara jingine la jasho. Suruali ilikuwa na mikunjo ya kulaliwa. Na mbele ya mashati hapakuwa na doa la chakula, hata moja. Kola nyeusi, makwapa yameiva, halafu kifuani safi kabisa. Mlafi ana mchuzi kifuani. Hata mtu nadhifu huponyokwa na tone la chai. Huyu hakuwa anakula.

Sikutaka kumhurumia. Nilikuwa na yangu. Lakini siku ile nilijikuta nimekaa. Nilikaa kwenye kigoda mbele ya beseni, nikafikicha kola ile kwa sabuni ya mche, kidogo kidogo, kama unavyomnawisha mtoto aliyeanguka, na yule mpangaji wa kifuani akavua viatu kwa muda. Kifungo kimoja kilikuwa kimepotea. Nikatafuta kinachofanana nacho kwenye kopo la vifungo. Pindo la shuka nikalishona. Hakuna aliyeniagiza.

Jumanne alasiri nguo zilikuwa zimekauka. Mvuke akaninyooshea mkono nimpe, nikamkatalia.

"Za huyu napiga mwenyewe."

"Eh. Tangu lini?"

"Mzee, huyu mtu ni mgonjwa."

"Unamjua?"

"Najua shuka zake, zinanitosha."

Mvuke akageukia meza yake haraka, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akaisahau pasi juu ya shati la mwenye vioo. Tukasikia harufu. Akainyanyua kwa matusi ya chini chini. Shati lilikuwa limepona kwa bahati, ila mzee alikuwa ametoka jasho.

Nikakunja furushi, nikampelekea dada. Alikuwa kwenye ngazi ya uani anachambua soksi.

"Huyu mteja wako," nikasema, "ana mtu wa kumwangalia?"

"Kwa nini?"

"Halali. Hali. Analala na suruali. Akija kuchukua nguo usimpe hivi hivi, zungumza naye."

Dada akaacha soksi. "Nimwambie nini?"

"Mwambie..." Nikaanza kutembea, kwenye kamba na kurudi. "Mwambie aanze na vitu vidogo. Shuka hizi azitandike leo leo, asisubiri apate nguvu, nguvu haziji kwanza. Afungue dirisha, shuka zinanuka chumba kisichofunguliwa. Ale hata mkate mkavu. Na kama hajaenda kwa daktari, aende. Asione aibu. Mwambie kola nimeitoa yote, hakuna atakayejua."

"Asipokubali?"

"Kwa nini asikubali? Ana kichwa kigumu kiasi gani?"

"Kigumu," dada akasema. "Wewe humjui. Ukimwambia aoge anasema kuoga alifundishwa na mama."

Miguu ikasimama yenyewe. Nikamtazama dada, naye akanitazama, machozi yamemjaa lakini hayamwagiki. Nikaenda chumbani kwangu, nikausukuma mlango. Nyuma yake hapakuwa na rundo. Palikuwa na sakafu iliyofagiliwa, na kitanda kitupu, godoro uchi.

Nilirudi uani nimewaka.

"Umenichezea."

"Nimekuchezea."

"Na yule mzee pia."

"Mimi nimekohoa tu," Mvuke akasema kutoka ndani.

"Mngenidharau mbele ya watu lingekuwa jambo moja. Mnanifanyia mchezo kwenye kazi yangu? Kwenye uzi?"

"Ningekuomba uzifue, ungezifua?" dada akauliza.

"Nisingezifua."

"Basi." Akasimama, akaniwekea furushi kifuani, nikalipokea bila kutaka. "Siku mbili umemhurumia huyu mtu. Umemshonea kifungo. Mimi nikikuomba umhurumie, unaniambia kuoga ulifundishwa na mama. Mpelekee mwenyewe. Unajua anapokaa."

Nikaliweka furushi chini, nikatoka nje ya geti.

Nilitembea. Jua lilikuwa bado kali upande mmoja wa barabara. Nikapita kwa fundi baiskeli, nikapita maduka ya vitambaa, sikumsalimu mtu, nikageuka kona kwa hasira nikageuka nyingine. Nilikuwa natunga maneno ya kumwambia dada, makali, yenye vina, maneno ambayo angeyakumbuka uzeeni. Nilikuwa nimefika mbali kabla ya kugundua kwamba natembea juani na sijabeba chochote, sawasawa na alivyoagiza yule mama mfupi. Nikatamani kuokota jiwe ili niwe nimebeba kitu. Nililitafuta kweli. Kisha nikajiona, mtu wa ovaroli anayetafuta jiwe la kumkomoa daktari ambaye hata hayupo, na sauti ikanitoka, kicheko kifupi kibaya, kama bomba lililokaa sana bila maji.

Yale maneno ya vina yakanipotea njiani.

Niliporudi, furushi lilikuwa pale pale nilipoliacha. Nikachota maji, nikaoga kama mtu anayelipiza kisasi. Nikatandika shuka. Zilikuwa zimenyooka, kazi safi, na mikono iliyozipiga pasi naijua. Nikafungua dirisha. Nikakaa kitandani, goti likaanza kucheza, nikaliacha licheze. Dada akaleta mkate na chai, akaviweka kwenye kizingiti bila kuingia, kama mtu anayemlisha paka mkali. Nikala nusu ya mkate. Nusu nyingine ilinishinda.

Jumatano niliamka vibaya. Nasema hivyo ili mtu asidhani shuka safi ni miujiza. Mpangaji alirudi na viatu vyake, na sikuoga mpaka jua lilipopita utosini. Nilimwona dada anavunja vibanio mkononi, kimoja baada ya kingine.

Alhamisi asubuhi nilimkuta uani amesimama katikati ya kamba, hafanyi lolote, ananisubiri bila kutaka nijue kwamba ananisubiri. Nilikuwa nimevaa shati jeupe, lile la kifungo kipya.

"Limekukaa," akasema.

"Dobi wake ni mzuri."

"Nikusindikize?"

"Niache. Nikienda na wewe nitabishana njia nzima." Nikafika getini. "Njoo mpaka kwa fundi baiskeli."

Akaja mpaka pale. Aliponiacha sikugeuka, lakini nilijua bado amesimama, na miguu yangu, ambayo wiki zote hizo ilikuwa ikienda mahali pasipo na kitu, ilikwenda hospitali. Yule mama alinitazama kola kwanza, kisha uso. Hakunisifu. Aliuliza nalala vipi, nikamwambia. Aliuliza kuhusu mkono na kilichokuwa kichwani siku ile, na hilo pia nikamwambia, jambo ambalo dada sijamwambia hadi leo. Akanipangia Alhamisi nyingine.

Jumatatu iliyofuata niliweka furushi juu ya meza, mbele ya dada. Alikuwa ameshatunga uzi kwenye sindano, mwekundu na mweusi.

"Mteja wako kaleta mapema," akasema.

Nikafungua mwenyewe. Nikakunjua shuka, nikatazama pembe: bado zimesokotwa. Foronya, duara moja. Nikageuza shati, nikalisogeza kwenye mwanga, na Mvuke akaja na pasi yake mkononi kuchungulia juu ya bega langu.

"Anasemaje?" akauliza.

"Bado halali vizuri," nikasema. Kisha nikawaonyesha kifuani, karibu na kifungo cha tatu, doa dogo la mchuzi. "Lakini ameanza kujimwagia."