Viti Vilivyokuja Kusali

Meza ndiyo iliyotangulia kuondoka. Mwenyekiti wa akina mama kanisani alirudi kutoka sokoni, akaingia sebuleni huku bado anamalizia maneno na jirani aliyebaki nje, akatua kapu pale alipolitua miaka yote, na kapu likaenda chini. Vitunguu vikatawanyika mpaka chini ya viti, maana siku hiyo viti vilikuwa bado vipo.

Mumewe aliinama akamsaidia kuokota. Alikuwa seremala, watu wote walimwita Fundi, na kila kilichosimama katika nyumba ile kilitoka mkononi mwake. Akamweleza kwa utulivu kwamba meza amempa Mama Pacha wa nyumba ya pili, kwa sababu wale mapacha wanaandikia sakafuni mpaka magoti yameota sugu. Mwenyekiti akaendelea kuokota vitunguu. Angesema nini? Si yeye aliyekuwa akisimama mbele ya akina mama kuwahimiza watoe, tena watoe wakitabasamu? Mkuki kwa nguruwe mtamu, na leo ulikuwa umemgeukia yeye.

Baada ya meza vikafuata viti, kimoja leo, kingine kesho. Mlinzi wa ghala, aliyezoea kukaa juu ya tofali, akapata cha kukalia. Bibi mmoja mgonjwa wa mgongo akapata chenye mikono. Kila Mwenyekiti alipotoka, alirudi akakuta sebule imepanuka. Akamuuliza mumewe kama anajifananisha na yule kijana wa kwenye Biblia aliyeambiwa auze vyote. Yule alikuwa tajiri, alimwambia, wewe tajiri wa nini, wa maranda? Fundi akacheka, akasema yule kijana aliondoka na huzuni, na yeye kwa umri huu huzuni haiwezi tena.

Jibu lile halikumtosha. Dada yake Fundi, mwenye ulimi usio na breki, alikuja kuwatembelea akabaki amesimama.

"Mwenyekiti hana kiti," akasema. "Wifi, mpeleke kaka hospitali kabla hajakutoa na wewe."

Mwenyekiti akacheka, lakini neno lilimwingia. Akaanza kumpima mumewe kwa siri. Akamuuliza leo ni siku gani, mama mkwe alifariki lini, siku ya harusi yao nani alichelewa. Fundi akajibu yote bila kukosea, akaongeza kwamba chumvi ya mchana ilizidi. Kichwa kilikuwa kizima. Basi kama si ugonjwa ni Roho, na kama ni Roho, mbona yeye, kiongozi wa akina mama, hakuambiwa kitu? Swali hilo lilimuuma kuliko meza.

Akaenda kwa Mchungaji, akitumaini atamwita Fundi amtulize. Alimkuta barazani, amejinyoosha kwenye kile kiti kikubwa cha kuegemea alichokuwa akikalia Fundi mwenyewe. Mchungaji akainuka haraka, akasema kiti kinampumzisha sana, Mungu ambariki mzee. Mwenyekiti akaitikia amina, akaombewa, akarudi nyumbani bila kusema kilichompeleka.

Kilichomtisha hasa ni kabati. Lilikuwa kabati la vioo, Fundi alilitengeneza mwaka walipooana, mbao zimeshikana ulimi kwa tundu bila msumari hata mmoja. Ndani yake vilikaa vikombe vya wageni, vyenye mstari wa dhahabu mdomoni, vilivyomsubiri mgeni wa maana. Askofu alipita mara moja, akaomba maji tu. Mwenyekiti alilifunga kabati, ufunguo akaufundika kwenye pindo la kitambaa cha kichwa, na akirudi kutoka safari yoyote, macho yake yalikimbilia ukutani kabla miguu haijavuka kizingiti. Mwishowe hakuvumilia.

"Na kabati je, umempangia nani?"

Fundi akamtazama kwa mshangao. "Kabati si langu. Nilishakupa wewe. Nitatoaje kitu nilichokwisha kukitoa?"

Hapo angepaswa kupumua. Badala yake akachanganyikiwa zaidi. Moyoni alikuwa ameiandaa hasira yake vizuri, akisubiri kabati lichukuliwe ili ailipue, na sasa hakuwa na wa kumlipukia. Uamuzi wote ulikuwa kwenye kitambaa chake cha kichwa.

Zamu ya ibada ya majirani ikafika nyumbani kwao. Kila juma walisali nyumba moja, na Mwenyekiti alikuwa ametandika mikeka huku uso unamwaka kwa aibu. Mara akamwona mlinzi anaingia na kiti kichwani. Nyuma yake mjukuu wa bibi mgonjwa, na kiti cha mikono. Kisha Mama Pacha na kaka yake, wameishika meza huku na huku. Hata kiti cha Mchungaji kilikuja. Mwenyekiti akaikunja mikeka upesi kwa furaha. Akawapokea mmoja mmoja, akaweka kila kitu mahali pake pa zamani, na miguu ya meza ikaingia sawasawa kwenye alama zake sakafuni.

Alipoombwa afungue kwa sala, aliomba kwa sauti ya kujaa. "Asante, Bwana, kwa kuigusa mioyo ya majirani zetu, wakaturudishia vilivyo vyetu."

Amina iliyofuata ilikuwa dhaifu. Bibi mgonjwa alikohoa. Mchungaji akatazama mikono ya kiti kana kwamba anaiona leo. Ibada ikaenda mpaka mwisho, wakaagana kwa adabu, na wote wakatoka mikono mitupu. Bibi aliondoka ameegemea bega la mjukuu wake.

"Walikuja navyo wapate pa kukaa," Fundi akasema walipobaki wawili. "Mama Pacha ndiye aliyewapitia, ili wewe usiaibike."

Mwenyekiti akakaa. Kiti kilikuwa kilekile, lakini hakikumkubali. Kila alichokililia kilikuwa mbele yake, kimerudi kwa maombi yake mwenyewe, na alitamani ardhi ipasuke immeze. Akasimama, akashika ukingo wa meza.

"Fundi, shika upande huo."

Walirudisha vyote jioni ileile. Meza waliipeleka mwisho. Mama Pacha akawakaribisha ndani kana kwamba ile sala haikuwahi kusemwa. Alitaka kuwapa chai, kisha akakumbuka ana kikombe kimoja. Mwenyekiti akaenda nyumbani, akafungua kabati, akarudi na vile vikombe kwenye beseni. Wakanywa, mapacha nao wakanywa, wakipishana kupapasa ule mstari wa dhahabu. Mama Pacha alipomaliza kuviosha, akavipanga kwenye beseni, akamnyooshea. Mwenyekiti akanyoosha mikono kupokea, mikono ikarudi.

"Viache hapahapa," akasema, na sauti yake ikamshangaza.

Njiani alijiuliza kama ile ilikuwa imani, au aibu, au uchovu tu. Alimuuliza Fundi kama yeye, anapotoa, huwa anajua. Fundi akasema siku nyingine anajua, siku nyingine mkono unamtangulia.

Alipoingia sebuleni alikwenda moja kwa moja kwenye kabati, akalifunga kwa ufunguo, akaufundika kwenye kitambaa. Ndipo akaona alichokifanya. Ndani hamkuwa na kitu. Akasimama mbele ya vile vioo, haelewi anamfungia nani, machozi yanamtoka na kicheko kinamtoka.

Akaufundua ufunguo, akamwekea mumewe kiganjani.

"Hivi," akamuuliza, "hili kabati linapita mlangoni?"

Fundi akaupima mlango kwa macho, kwa mazoea ya kazi yake.

"Liliingia," akasema.