Jezi Namba Saba Haina Kiraka

Haya, wewe unayesikiliza, nitegulie hiki: nyumba yangu haina sakafu, mgeni huingia kupitia darini, hupita moja kwa moja mpaka nje, na kila akipita watu hushangilia. Nyumba gani? Usitazame juu, jibu haliko huko. Au basi, liko huko huko: ni kikapu, ile pete ya chuma yenye wavu ambayo wachezaji huitupia mpira.

Basi palikuwa na mshonaji mmoja, mchana yuko kwenye cherehani, jioni anafundisha timu ya wanawake ya mtaani kwao kuitafuta nyumba hiyo. Watu wote walimwita Fundi. Msimu ule timu ilichapwa mpaka ikashuka daraja, na uongozi ukaamua ijengwe upya. Kati ya wachezaji kumi na wanne wabaki wanane, wale sita wengine wawapishe mabinti wapya. Kuchagua ni kazi ya Fundi, na mwisho ni Jumamosi saa sita mchana.

Jumamosi hiyo, saa nne, Fundi alimwaga mfuko wa jezi juu ya meza ya kukatia vitambaa. Kulia akawa anaweka za wanaobaki, kushoto za wanaoondoka. Mwenyekiti wa timu akaingia, kitambi mbele, yeye nyuma.

"Fundi, orodha yangu iko wapi?"

"Si hii unaiona mezani?"

"Unachagua wachezaji kwa sindano?"

"Msimu mzima nguo hizi nazitengeneza mimi. Tazama hii kumi na moja, mshono wa bega umefumuka mara nne. Wapinzani wanamvuta. Asiyetisha nani amvute?" Akaiweka kulia. "Na hii tatu ni ya Gundi. Ubavu mzima umelika. Mpira ukipotea, yeye yuko chini kwenye saruji anaugombania."

"Gundi! Msimu mzima kafunga pointi nne. Hata mimi ningefunga tano."

"Ungefunga, mzee wangu. Ila ukianguka tungekuinua na nini?"

Mwenyekiti alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaokota jezi namba saba, akaipunga. "Sasa huyu ndiye mtu! Kama imetoka dukani leo. Anajua kutunza nguo."

Fundi hakucheka. Namba saba ilikuwa ya Mshale, mfungaji wao mkuu, mdogo wake wa tumbo moja.

"Mshale habanduki," alisema Mwenyekiti. "Watu wanakuja kumtazama yeye."

"Nimekusikia."

"Kusikia si kukubali."

"Ndiyo maana nikasema nimekusikia."

Mwenyekiti akatoka akiguna, akaenda kusubiri uwanjani. Jezi saba zilikuwa kulia tayari. Nafasi ilibaki moja, na katikati ya meza zilibaki mbili: ya Gundi na ya Mshale. Fundi hakuwa na shaka na alichokisoma kwenye nguo hizo. Alijua mabinti wapya watamwiga yule anayeshangiliwa. Mshale akisimama kutazama mpira unapotea, nao watasimama.

Mlango ukafunguliwa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kaa."

Mshale hakukaa. Aliyatazama marundo, akaelewa. "Mimi niko rundo lipi?"

"Kwanza niambie, tangu lini huanguki?"

"Nimeuliza mimi kwanza."

"Jezi yako ya zamani ilikuwa viraka vitupu, mpaka nikawa nakuwekea uzi wako peke yako. Hii sijaigusa hata mara moja. Tangu lini?"

"Juzi nilifunga pointi kumi na nane!"

"Ndiyo. Na ule mpira wa mwisho ulipotuponyoka, ulisimama."

Mshale alivuta kigoda, akakaa. Akaipepea pasi ya mkaa iliyokuwa pembeni.

"Tangu nimpate mwanangu," alisema. "Mpira ukigusa chini naona mkono wangu umefungwa bandeji, na mtoto analia, hana wa kumbeba. Najilazimisha, dada. Mwili unakataa. Kutupa natupa, lakini kujirusha chini siwezi tena."

"Hilo si kosa."

"Najua si kosa. Sikuja kutafuta huruma." Akajifuta uso kwa kiganja, akainuka, akasimama wima kama anayesubiri kutupa mpira wa adhabu. "Nilikuuliza niko rundo lipi, hujanijibu."

Fundi alichukua jezi ya Gundi, akaiweka kulia. Kisha akaikunjua namba saba, akainyoosha mabega kwa viganja viwili, polepole, kama anavyonyoosha nguo ya mteja anayempenda, akaikunja vizuri.

"La kushoto, mdogo wangu."