Kitufe cha Juu

Kwa siku kadhaa kinyozi alijifungia bafuni kufanya mazoezi, mlango kaubana kwa ndoo, mpaka mke wake akamuuliza kama tumbo limemchafuka. Kujaza hakukumpa shida. Pampu aliyowekewa kwa upasuaji ilikuwa ndani ya mfuko wa korodani, ndogo na laini. Unaiminya na kuiachia, inavuta maji kutoka kwenye kifuko kilichofichwa tumboni, na uume unasimama. Kilichomtoa kijasho ni kuyarudisha maji. Hospitalini nesi alikuwa amemwonyesha kwa mfano wa plastiki mezani: tafuta kitufe cha juu, kibonyeze, kisha ukamue taratibu. Mezani kilionekana. Mwilini hakionekani, na kinyozi, mtu wa kunyoa ndevu za watu huku anatazama barabarani, alikihangaikia kila mara hadi ganzi ikamshika vidoleni.

"Mwite na mama aingie ajifunze," nesi alimwambia siku ile. "Wengi wanasaidiwa na wake zao."

Mke alikuwa amekaa kwenye benchi la nje. Alikataa katakata. "Mimi naona haya, baba watoto. Utanionyesha mwenyewe nyumbani." Kinyozi alimhurumia, na kusema kweli alizidi kumpenda kwa haya zile.

Wazo la upasuaji lilitoka kwa Suti, fundi cherehani wa chumba cha pili kutoka kinyozini, aliyefiwa na mkewe na ambaye havui koti hata jua liwake vipi. Tangu kinyozi aondolewe tezi dume na nguvu za kiume kumwishia, alikuwa analala kaugeukia ukuta, na hakumwambia mtu. Suti ndiye aliyemvuta pembeni, akamwambia kwamba naye anayo pampu, kawekewa baada ya sukari kummaliza. "Rafiki yangu, utarudi ujana. Ila iwe yangu na yako." Machozi yalimlenga Suti alipokuwa akisema hayo, na kinyozi naye akalia. Siku hizi utampata wapi rafiki wa kukufunulia aibu yake ili wewe upone?

Basi Jumapili moja mchana, watoto wamekwisha kuhamia makwao na nyumba imetulia, kinyozi akapiga moyo konde. Akamwonyesha mke jinsi ya kujaza. Mke akafunika uso, akacheka kama msichana. Yaliyofuata ni ya wenyewe, lakini yalikwenda vizuri, na kinyozi alijiona mtu mbele za watu tena.

Baadaye akaanza kukitafuta kile kitufe. Akatafuta, akaguna, akajigeuza. Mke alikuwa amelaza kichwa kwenye mto, macho kayafumba, usingizi unamnyemelea.

"Siyo huko, hiyo ni ya kujaza," alisema. "Panda juu kidogo, pembeni. Kishikilie, usikiachie haraka, ndiyo ukamue. Ukikiachia mapema yanabaki nusu."

Mikono ya kinyozi ikasimama. Habari ya kitufe hakuwa amemwambia, maana aliona aibu kusema kinamshinda.

"Nani kakufundisha?"

"Nesi."

"Nesi gani, na wewe ulikaa nje?"

Mke akafumbua macho. "Basi nimesikia mahali."

"Mahali gani wanakozungumzia kitufe hiki?"

Mke akainuka, akajivutia shuka mpaka kidevuni. Kinyozi alimjua mtu mmoja tu mwenye kitu kama hiki. Mtu huyo alikula mezani kwao, na mke alimwita shemeji.

"Ni Suti," kinyozi alisema.

Mke akaanza kulia. "Yameisha. Naapa yameisha."

Kinyozi akaruka, akavaa suruali, akaufuata mlango. Leo Suti angemtambua! Ameshika kitasa, ndipo alipojitazama. Suruali ilikuwa imetuna mbele kama hema. Nje majirani walikuwa wamejaa uani, wanasuka nywele na kupiga soga. Wangevunjika mbavu. Mwanamume aliyetendwa walau ana haki ya kutoka na kuubamiza mlango, na yeye hata hiyo alikuwa kanyimwa. Akarudi akaketi kitini, mto mapajani.

"Yameisha lini?"

"Kabla hujaenda kuwekewa pampu."

"Kwa hiyo aliponishauri..."

"Mimi ndiye niliyemtuma." Mke alijifuta kamasi kwa shuka. "Ulikuwa unaugeukia ukuta, huniongeleshi. Ningekuambia mimi ungeona nakudharau. Nikamwambia, mwambie wewe, apone, na kuanzia leo mimi na wewe basi. Nilitaka nirudi kwako, baba watoto."

Kinyozi aliyakumbuka machozi ya Suti na moyo ukamchoma. Kumbe walikuwa wamepanga hata maneno.

"Mlikaa kikao juu ya mwili wangu," alisema. "Mkakubaliana nipasuliwe. Na mimi nikamshukuru! Nilimshika mikono yote miwili, mwanamke, nikamshukuru."

 Mke alishuka kitandani, akapiga magoti mbele ya kiti. "Utaumia ukiiacha hivyo. Ngoja nikusaidie." Mkono wake ulikuja moja kwa moja, bila kubahatisha.

"Toa mkono!"

Akautoa. Kinyozi akampa mgongo, akafungua suruali, akaingiza vidole. Maelezo ya nesi yalikuwa yamemtoka kichwani. Yaliyobaki yalikuwa ya mke wake, na mke wake aliyapata kwa Suti, na kinyozi akayafuata huku machozi yanamdondokea mapajani. Juu kidogo. Pembeni. Akashikilia, akakamua. Maji yakarudi yote, bila tabu.

"Umekipata?" mke aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nimekipata."

Sasa alijua yote, kujaza na kutoa, na hakuwa na mtu wa kumfanyia.