Ombi Lisilotajwa

Kanisani kwa Ndugu Verlin, bondeni Kentucky, kila Jumatano watu waliomba kuombewa kwa namna mbili. Mwenye shida ya kutajika alisimama akaitaja: nyongo, goti, shemeji asiyetaka kuokoka. Mwenye shida isiyotajika alinyoosha mkono tu, Ndugu Verlin akasema, "Mungu anajua," wakapita hapo. Kuulizana kulikuja baadaye, kwenye simu. Akina mama waliziita simu hizo mnyororo wa maombi, na umbeya ukishapita humo ulikuwa umetakata kabisa.

Raylene, wa miaka kumi na minne, alikuwa akinyoosha mkono tangu theluji ya kwanza. Mama yake, Misty, aliteguka mgongo akimwinua kikongwe katika nyumba ya wazee alikofanya kazi. Daktari alimwandikia vidonge vya maumivu, kisha akaacha kumwandikia. Misty hakuweza kuviacha. Raylene alivikuta kwenye soksi za mama yake, vingine vikiwa bado ndani ya vikombe vidogo vya karatasi, vile wanavyonyweshewa wazee.

Na kila Jumatano Dada Oneida, benchi la mbele, husimama na leso yake: "Mwombeeni mama yangu kule nyumba ya wazee. Tangu apigwe na kiharusi hasemi, analia tu. Dawa anapewa, wapendwa, lakini maumivu hayasikii dawa."

Raylene hutazama viatu vyake.

Ni Oneida huyohuyo aliyempa Raylene riwaya. "Chukua, mwanangu. Mimi imenitoa machozi na kamasi juu. Mume wangu alidhani kuna msiba."

Raylene aliisomea bafuni, katika trela waliyoifanya nyumba, ndani ya beseni kavu la kuogea, mlango kaukomea, huku mama yake kalala kwenye kochi mdomo wazi. Ilikuwa habari ya binti wa milimani ambaye baba yake mlevi alichoma ghala la jirani. Binti anasimama kanisani, anasema kweli yote mbele ya watu. Mara mlango wa nyuma unafunguka, baba anaingia, anaanguka madhabahuni akilia, na jirani anamkumbatia. Alipomaliza alirudi ukurasa wa kwanza.

"Mama, njoo kanisani Jumatano hii."

"Nikakae na Oneida anichungulie hadi soksi?" Misty alicheka, akashika mgongo. "Niombee wewe. Wewe ndiye mtakatifu wa trela hii."

"Lakini unataka kuacha?"

Misty hakucheka tena. "Kila asubuhi, Ray."

Hilo ndilo lililomsimamisha. Jumatano ilipofika, mikono ikiwa juu, Raylene hakunyoosha wake. Alisimama.

"Mwombeeni mama. Anachukua vidonge vya wazee kazini. Anataka kuacha, anashindwa."

Akageuka kutazama mlango wa nyuma. Haukufunguka.

"Vya nani?" Ilikuwa sauti ya Oneida.

"Nimekuuliza, mwanangu. Anachukua vya nani?"

"Sijui, Dada Oneida. Nadhani vya wasioweza kusema."

Kisha, kama kitabuni, wanawake walimzunguka, wakamwekea mikono, wakalia kwa sauti. Raylene alijisikia mwepesi kama aliyevuliwa koti lililolowa. Mkono mmoja tu begani ndio ulikuwa mzito. Hakuhitaji kugeuka kujua ni wa nani.

"Hili liishie humu ndani, wapendwa," alisema Ndugu Verlin, na vichwa vyote vikatikisika kukubali.

Alipofika nyumbani mama yake alikuwa mlangoni, simu mkononi.

"Umesimama?" Misty aliuliza. "Mwanangu, ule mkono wa kunyoosha uliwekwa kwa ajili ya watu kama sisi. Umesimama na kutaja?"

"Walilia, Mama. Walikuombea."

"Najua. Wawili wameshanipigia kuniambia walivyoniombea. Wa tatu kaniuliza nachukua vingapi."

Asubuhi walikuja askari wa kaunti, waungwana tu, mmoja wao alisoma darasa moja na Misty. Alimfunga pingu kwa mbele, kwa sababu ya mgongo.

Raylene alihitaji pa kukaa, na aliyejitolea ni Oneida. Mama yake Oneida naye alikuwa amehamishiwa hapo kutoka kwa wazee. Alikuwa hapo dirishani, kafunikwa blanketi, anapewa dawa yake kamili, wala halii tena. Raylene alitamani alie hata kidogo, isiwe ni vyake Misty alivyochukua. Makaroni ya jibini, chakula cha pole, yalimiminika kutoka nyumba zote, yakarundikana mezani, na Oneida alimpakulia bila kumwangalia usoni.

"Riwaya umeimaliza?"

"Ndiyo, Dada Oneida."

"Umeupendaje mwisho?"

Raylene aliisukuma riwaya upande wa Oneida. "Inaishia Jumatano. Haisemi baba alipelekwa wapi Alhamisi."

Oneida aliitia kabatini, nyuma ya unga.

Jumatano iliyofuata walikaa benchi moja. Ndugu Verlin aliuliza nani ana ombi. Leso ya Oneida haikutoka, wala hakusimama. Alinyoosha mkono tu, macho kayafumba.

"Mungu anajua," alisema Ndugu Verlin.

Raylene alikalia mikono yake yote miwili.